Tandiko Lisilomuumiza Farasi: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kuchagua na Kujaribu

Farasi akilaza masikio nyuma mara tu saisi anapomjia na tandiko, au akigeuza kichwa kutaka kuuma pale mshipi, ule mkanda unaopita chini ya kifua kulishika tandiko, unapokazwa, usikimbilie kumwita mkorofi. Mara nyingi anakumbuka jana.

Kosa linalorudiwa ufukweni Mombasa, wageni wanakopandishwa farasi, kuanzia Nyali hadi Bamburi, ni lilelile. Mtu hununua tandiko kwa kulikalia: anapanda, anaona kiti laini, wanapatana bei, basi. Farasi hakuulizwa. Likianza kumchubua, huwekwa blanketi chini yake, na likizidi, la pili. Lakini mtu aliyevalishwa kanzu inayombana makwapani, ukimwongezea fulana ndani hujampa nafuu. Umezidi kumbana.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na mgongo, unafuata tandiko, na mpandaji anakuja mwisho. Unahusu tandiko la Kiingereza, lile jepesi lenye mito miwili chini. Ngamia ana hesabu zake nyingine kabisa. Mwenye punda wa kupandwa anaweza kufuata hatua tatu za mwanzo, zitamfaa pia.

Tenga asubuhi nzima. Kazi hii haifanyiki huku wageni wakisubiri.

Vitu vya kuandaa

- Waya wa umeme wenye shaba moja nene, si ule wa nyuzinyuzi, urefu wa sentimita 70. Ukiukunja, ubaki vilevile ulivyoukunja. Ukirudi nyuma, ni mwembamba mno.
- Katoni kubwa, au karatasi za manila mbili tatu.
- Chaki nyeupe, na ya rangi kwa farasi mweupe.
- Tepu ya fundi cherehani.
- Mkasi, na kalamu yenye wino mnene.
- Penseli ya mviringo.
- Kipande cha shuka jeupe la pamba, safi, kikubwa kulizidi tandiko kila upande.
- Ngazi ya mbao ya vidato viwili, ya kupandia.
- Msaidizi wa kumshika farasi. Usimfunge. Farasi aliyefungwa huvuta shingo, na shingo ikivutwa umbo la mgongo hubadilika.

Majina tutakayotumia

*Kinundu* ni ule mwinuko wa mfupa pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega. *Kiunzi* ni fremu iliyofichwa ndani ya tandiko, ya mbao, chuma au plastiki ngumu. Ndiyo inayoamua upana. *Tao* ni upinde wa mbele wa kiunzi, na ncha zake mbili hushuka kila upande wa kinundu. *Mito* ni ile miwili ya chini inayogusa mwili, na *mfereji* ni nafasi iliyo kati yake, ambamo uti wa mgongo hupita bila kuguswa. *Vikuku* ni vya kuwekea miguu.

Hatua ya 1: Kagua mgongo mtupu

Msimamishe farasi kwenye sakafu ngumu na sawa: saruji, kabro, au udongo ulioshindiliwa. Usimpimie mchangani, kwa sababu mguu mmoja ukizama zaidi ya mwingine, bega moja hushuka na vipimo vyote hupotoka. Miguu minne ibebe uzito sawasawa, kichwa kiwe usawa wa kifua, atazame mbele.

Weka vidole viwili kando ya uti wa mgongo, kama sentimita 5 kutoka katikati. Bonyeza taratibu ukienda nyuma, kuanzia kinundu hadi kiunoni. Rudia upande wa pili. Usichome kwa kucha. Hata mgongo mzima utashtuka ukichomwa.

Tafuta uvimbe, joto, nywele zilizokatika, ngozi iliyokuwa ngumu, na mabaka ya nywele nyeupe. Nywele nyeupe huota pale mgandamizo ulipoharibu mizizi ya rangi. Zinaweza kuwa kovu la tandiko la zamani, kwa hiyo zenyewe peke yake hazikushitaki. Zikiandamana na maumivu, zinakushitaki.

*Onyo:* farasi anayeinamisha mgongo, kukakamaa au kupiga mkia unapobonyeza hapaswi kupimwa leo wala kupandwa. Uvimbe hudanganya waya, nawe utaishia kununua tandiko la umbo la jeraha. Mwite daktari wa mifugo, mpe mgongo muda upone, kisha uanze upya. Kumpanda mnyama kupita kiasi au kumbebesha kupita uwezo ni kosa pia chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama ya Kenya, Sura ya 360.

*Umefaulu ikiwa* mkono wako umepita pande zote mbili naye ametulia, pengine hata amelegeza mdomo wa chini.

Hatua ya 2: Weka alama za mipaka miwili

Tandiko lina uwanja wake, na uwanja huo ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Mpaka wa mbele ni bega. Papasa ukingo wa nyuma wa mfupa wa bega, ule mpana kama kafi, uuchore kwa chaki kuanzia juu. Farasi anapotupa mguu mbele, ncha ya juu ya mfupa huo hurudi nyuma. Ndiyo sababu unapima vidole viwili nyuma ya ukingo huo na kuchora mstari wa pili. Ncha za tao zisivuke mstari huu kwenda mbele.

Mpaka wa nyuma ni ubavu wa mwisho. Kwa kawaida farasi ana jozi 18 za mbavu. Anza chini ubavuni, pale tumbo laini linapokutana na mfupa, ulifuate ukingo wa ubavu wa mwisho ukipanda nao hadi karibu na uti wa mgongo. Ukiwa juu, mifupa hufunikwa na msuli mnene. Endelea kwa mwelekeo uleule na uchore. Mbele ya mstari huo mgongo unategemezwa na mbavu. Nyuma yake ni kiuno, na kiuno hakina mbavu za kukisaidia kubeba mtu.

Pima kwa tepu umbali kati ya mistari hiyo miwili na uuandike. Huo ndio urefu wa juu kabisa wa mito. Farasi wadogo wenye mgongo mfupi mara nyingi hupata uwanja mdogo kuliko tandiko la inchi 17 au 17.5 ambalo mpandaji mzima analitaka. Hapo anayepungua ni mpandaji. Mgongo haurefushwi.

Hatua ya 3: Chukua umbo kwa waya

Hapa ndipo wengi huharaka, na hapa ndipo kazi yote ilipo.

Mstari wa kwanza wa kukatisha mgongo ni ule uliochora vidole viwili nyuma ya bega. Wa pili uwe katikati ya uwanja. Wa tatu uwe kwenye ubavu wa mwisho. Kwa kila mstari, weka katikati ya waya juu ya uti wa mgongo, uulaze kila upande kwa viganja mpaka ugusane na mwili kote. Laza, usikandamize. Ukiukandamiza utapima msuli uliobonyea, na tandiko utakalolipata litabana.

Kabla ya kuuondoa, weka alama ya kalamu kwenye waya pale uti wa mgongo ulipo, na alama nyingine upande wa kushoto. Uinue wima kwa mikono miwili, ukiwa umeushika karibu na katikati. Ukiuvuta kwa ncha utapanuka. Ulaze juu ya katoni, uchore upande wake wa ndani, uandike jina la farasi, namba ya mstari, kushoto, kulia na tarehe.

Mstari wa nne ni wa urefu: ulaze waya sentimita 5 kando ya uti wa mgongo, kutoka mstari wa kwanza hadi wa tatu. Huu ndio utakaokuonyesha kama mgongo umenyooka kama meza au umebonyea katikati.

Kata katoni kufuata michoro, utunze vipande vya ndani, kisha zile zenye upenyo zirudishe mgongoni. Ukiona mwanga unapita kati ya katoni na mwili, chora upya. Usijiambie kwamba "ni kidogo tu". Kidogo hicho, kikibebeshwa kilo 70, ndicho kidonda.

Linganisha kushoto na kulia kwa kuikunja katoni ya kwanza katikati. Pande mbili kupishana si ajabu; farasi wengi wana bega moja nene kuliko jingine. Kanuni ni kuchagua tandiko kwa ule upande mkubwa, halafu kuujazia ule mdogo. Ukifanya kinyume chake, bega kubwa litagongwa kila hatua na tandiko litasukumwa upande.

Umbo hili ndilo litakuambia umtafutie tandiko gani. Farasi wa mbio waliostaafu, wanaoteremka kutoka Nairobi, huwa na kinundu kirefu na mashimo nyuma ya mabega: katoni yao ya kwanza hufanana na herufi V. Wadogo wa kienyeji walionona huwa na kinundu kifupi, katoni yao huwa kama U pana. Tandiko la wa kwanza halimfai wa pili, hata mzee wa ufuko akikuapia.

*Umefaulu ikiwa* katoni nne zinakaa mgongoni bila mwanya na bila kubana, na mtu mwingine akizirudisha anapata jibu lilelile.

Hatua ya 4: Hesabu uzito

Pima mzunguko wa kifua nyuma ya kinundu na nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele. Pima urefu wa mwili kutoka ncha ya bega kifuani hadi mfupa wa tako. Vyote viwe kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, kisha gawa kwa 11,880. Jibu ni makisio ya kilo.

Mzunguko wa 170 na urefu wa 150 hutoa kilo 365 hivi. Asilimia 20 ya hapo ni kilo 73, na hiyo ni pamoja na tandiko lenyewe, ambalo huwa kilo 6 hadi 8. Amebaki mpandaji wa kilo 65. Kwenye mchanga mwepesi na joto la kaskazi, shuka hadi asilimia 15: jumla kilo 55. Hakuna tandiko la kurekebisha mpandaji wa kilo 100 juu ya farasi huyu, liwe zuri vipi.

Hatua ya 5: Likague tandiko kabla halijamgusa farasi

Matandiko mengi yanayopatikana huku yameshatumika. Hilo si tatizo. Tatizo ni kiunzi kilichovunjika, kwa sababu ngozi hukificha.

Shika ncha mbili za tao, zibane kwa nguvu kisha zivute. Zikicheza au zikitoa mlio wa kukatika, tao limevunjika. Halafu egemeza tao pajani mwako na uvute ukingo wa nyuma kuelekea kwako. Viunzi vingi hunepa kidogo, na kunepa kwa usawa si kosa. Kiti kikikunjika makunyanzi katikati, upande mmoja ukinepa kuliko mwingine, au ukisikia mkwaruzo ndani, kiache hapo. Tandiko lenye kiunzi kilichovunjika, kwa bei yoyote, ni kuni.

Ligeuze juu chini na uchungulie mfereji kutoka nyuma. Uwe umenyooka, na mito ilingane unene. Upana wa mfereji uwe vidole vitatu hadi vinne, sentimita 6 hadi 8, mwanzo hadi mwisho. Mingi huanza mipana ikaishia myembamba nyuma, na pale nyuma ndipo huufinya uti wa mgongo farasi anapokata kona. Bonyeza mito kwa kidole gumba: iwe imara lakini inabonyea, bila vitonge.

Kisha kanda za kufungia mshipi, tatu kila upande. Zikunje moja moja. Ngozi ikipasuka mipasuko, au matundu yakiwa yamerefuka, kanda hizo zibadilishwe kabla mtu hajapanda. Kwa kawaida kanda ya kwanza hushonewa kwenye mkanda wake wa turubai, ya pili na ya tatu hushirikiana mkanda mmoja. Ndiyo maana mshipi hufungwa kwenye ya kwanza na mojawapo ya hizo mbili: turubai moja ikikatika, ya pili inashika. Ukifunga ya pili na ya tatu, umetegemea uzi mmoja.

Tazama vyuma vinavyoning'iniza kanda za vikuku. Viwe kimo kimoja kushoto na kulia. Kile kiulimi cha mwisho kiachwe wazi wakati wa kupanda, ili mtu akianguka mguu umenasa, kanda ichomoke asiburutwe.

Sasa chukua kipande cha ndani cha katoni ya kwanza, kile chenye umbo la mgongo, ukisimamishe ndani ya tao. Mteremko wa mito uende sambamba na mteremko wa katoni. Hili laweza kufanyika dukani, farasi akiwa nyumbani. Ukinunua kutoka mbali, mpelekee muuzaji picha za katoni zikiwa zimelazwa kando ya tepu iliyonyooshwa, si picha ya farasi amesimama akipendeza.

Hatua ya 6: Liweke mgongoni, bila blanketi

Blanketi huficha makosa, kwa hiyo lisiwepo. Weka tandiko mbele kidogo, juu ya kinundu, kisha lisukume nyuma taratibu. Litafika mahali litakaa lenyewe. Hapo ndipo pake. Usilisukume tena mbele. Utageuza nywele, na nywele zilizogeuzwa huchoma chini ya uzito. Ukiwa umelizidisha nyuma, liinue uanze tena.

Usifunge mshipi bado. Kagua kwa mpangilio huu.

*Juu ya kinundu.* Vidole vitatu viingie kati ya tao na kinundu. Pima na pembeni mwa kinundu, si juu tu. Matao mengi hupita juu vizuri yakabana kando. Na hapa kuna mtego. Mtu huona vidole vitano vinaingia, akafurahi kwamba kuna nafasi tele. Nafasi tele maana yake tandiko ni jembamba, limekwama juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha babu yake.

*Mteremko wa tao.* Inua ubawa, ile ngozi pana inayoning'inia pembeni, utafute ncha ya tao kwa kidole. Mstari wake uende sambamba na mwili. Ncha ikichoma chini na kuacha nafasi juu, tandiko linabana. Ikigusa juu na kupanuka chini, ni pana, na tao litamshukia kinundu pindi mtu akikaa.

*Mito, mbele hadi nyuma.* Ingiza kiganja kimelala kati ya mto na mwili, kikitelezea nyuma. Ubanwaji uwe mmoja njia nzima. Ukibanwa mbele, ukaachiwa katikati, kisha ukabanwa tena nyuma, tandiko limefanya daraja: limelala kama ubao juu ya mtaro, na uzito wote wa mtu umeangukia sehemu nne ndogo. Hili ndilo huzaa vidonda vya kiunoni ambavyo watu huvilaumu jasho.

*Kubembea.* Bonyeza mbele, kisha nyuma. Mwisho mmoja ukiinuka sana kila ubonyezapo mwingine, mito imepinda kuliko mgongo. Litasuguana kila hatua.

*Usawa.* Weka penseli kitini, ikikatisha. Itulie katikati ya kiti. Ikibingirika nyuma, mbele kumeinuka: jembamba, au mito ya nyuma imechoka. Ikibingirika mbele, ni pana. Kwa macho, ukingo wa nyuma kwa kawaida huwa juu kidogo ya ule wa mbele.

*Urefu.* Mito iishie kabla ya mstari wa ubavu wa mwisho. Ukingo wa kiti wenyewe waweza kuchomoza nyuma kidogo bila kugusa. Kinachohesabiwa ni kile kinachogusa.

Tandiko likishindwa upana wa tao au urefu wa mito, lirudishe. Mengine yaliyobaki yanazungumzika, na tutayafikia.

Hatua ya 7: Funga mshipi

Kanda zining'inie wima, na mshipi upite upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Kanda zikianguka mbele au nyuma ya hapo, mshipi utalivuta tandiko mpaka zinyooke, na kazi yote ya hatua ya 6 itakuwa bure.

Kaza kwa awamu tatu: legevu kwanza, kisha tundu moja au mawili baada ya kumtembeza hatua chache, kisha mwisho kabla tu ya kupanda. Kila upande ukazwe kwa tundu zinazokaribiana. Baada ya kukaza, vuta kila mguu wa mbele kwenda mbele ili ngozi iliyokunjika chini ya mshipi inyooke. Kiganja kilicholala kiingie kwa kusukuma kidogo.

Mshipi unaokazwa mpaka farasi aguna hauwezi kulishikilia tandiko lisilomkaa. Huo ni ushahidi tu kwamba halimkai.

Hatua ya 8: Mpandishe mtu

Tumia ngazi. Kupanda kutoka chini kwa kujivuta kwenye kikuku hupindua kiunzi na kukisukuma kinundu upande uleule kila siku, mara ishirini kwa siku za msimu wa wageni.

Mtu akishakaa, pima tena: vidole viwili vibaki juu ya kinundu. Muombe ajiegemeze mbele, uvipime tena hapo. Tazama kutoka nyuma kama mfereji ungali unaonyesha mwanga na kama tandiko liko katikati.

Kwa mpandaji, nyuma ya makalio yake kubaki nafasi ya vidole vinne hadi ukingo. Goti lisivuke ubawa. Kikuku kiwe kipana kuliko kiatu kwa sentimita 2.5. Kikizidi sana, mguu hupenya wote. Malapa na ndara hazipandiwi farasi, hata kwa picha moja.

Hatua ya 9: Jaribio la shuka jeupe

Msafishe farasi kwa brashi, mchanga wote utoke, kisha laza shuka jeupe mgongoni na tandiko juu yake. Fanya kabla ya saa mbili asubuhi. Jua likishapanda, unyevu wa Mombasa humfanya farasi aloe mwili mzima na huwezi kusoma chochote.

Chagua wakati wa maji kupwa, mchanga ulio mgumu na unyevunyevu. Dakika kumi kwa hatua, kumi kwa mwendo wa matiti, yale mbio madogo ya kudundadunda, ukizunguka kushoto na kulia kwa usawa, na tano za shoti kama farasi amezoea. Msaidizi atazame kwa nyuma: tandiko likihama upande mmoja kwa mizunguko yote miwili, mabega hayalingani au mito hailingani. Likihama upande wa nje tu kila mzunguko, mpandaji naye achunguzwe.

Shuka, legeza mshipi, inua tandiko wima, usiliburute. Soma shuka na mgongo pamoja:

- Uchafu na jasho sawasawa pande mbili, na mstari mkavu safi juu ya uti wa mgongo: ndivyo itakiwavyo.
- Michirizi myeusi kando ya kinundu, iliyobaki hafifu: jembamba.
- Doa kavu katikati ya mto, limezungukwa na jasho: daraja, au mgandamizo uliofunga jasho lisitoke. Libonyeze. Akishtuka ni mgandamizo.
- Uchafu juu ya uti wa mgongo: tao limeshuka, au mfereji hautoshi.
- Nywele zilizosokotwa kiunoni: tandiko linacheza nyuma.

Bonyeza mgongo kama hatua ya 1, mara moja, na tena kesho yake asubuhi. Maumivu mengine hayaonekani mpaka misuli ipoe.

Linalorekebishika na lisilorekebishika

Jembamba halirekebishiki kwa kuongeza chochote. Kuna viunzi vyenye tao la chuma linalobadilishwa kwa bisibisi. Hivyo tu ndivyo vyenye msamaha.

Pana kidogo huvumilika kwa pedi moja nyembamba ya mbele, hasa kwa farasi aliyekonda ambaye atanenepa. Daraja dogo na mito isiyolingana hurekebishwa kwa kujaza upya.

Na ujazaji ni sufu, si sufi. Sufu ya kondoo hurudi ikibonyezwa. Sufi ya mto wa kulalia hushikamana vitonge, na sponji ya fundi makochi hubonyea ikabaki bapa. Fundi makochi wa mtaani anaweza kuwa na mkono mzuri kuliko wote wa kushona, mwachie ushonaji. Ujazaji ukiwa wako, ingiza sufu kidogo kidogo kupitia tundu la mto, sukuma kwa kijiti butu, ukilinganisha na katoni kila baada ya gao moja.

Blanketi

Moja, la pamba, jembamba. Kabla ya kukaza mshipi, livute juu liingie ndani ya mfereji. Likibanwa sawa juu ya kinundu litakuwa kamba. Wakati wa kazi ufukweni, likung'ute kila mpandaji wa tatu au wa nne. Mchanga chini ya blanketi ni msasa, hata tandiko liwe limepimwa kwa dhahabu.

Chumvi, ukungu na kupima tena

Tandiko lililorushiwa maji ya bahari lipanguswe siku hiyohiyo kwa kitambaa cha maji baridi, na vifungo vya chuma vioshwe. Chumvi hula chuma na uzi kabla ngozi haijaonyesha dalili. Likaushe kivulini penye upepo, si juani. Ukungu wa masika upanguswe nje ya banda kwa siki na maji nusu kwa nusu, kisha sabuni ya ngozi. Mafuta yawe machache. Kanda za vikuku zilizoloweshwa mafuta hurefuka, na ile ya kushoto hurefuka zaidi, kwa kuwa ndiyo ya kupandia. Zibadilishane pande kila mwezi.

Rudisha katoni mgongoni kila miezi mitatu, na lazima mara mbili: baada ya masika, majani yakiwa mengi na farasi amejaa, na mwishoni mwa Novemba kabla ya msimu. Kati ya mwanya wa katoni na mwili kidole kikiingia, au katoni ikiwa haitaki kushuka, tandiko nalo halimkai tena kama lilivyomkaa.

Katoni zitundikwe bandani, juu ya msumari wa farasi mwenyewe, na jina lake liandikwe chini ya ubawa wa tandiko lake. Tandiko moja likilazimika kutumikia farasi wawili, lichaguliwe kwa yule mpana, na yule mwembamba awekewe pedi.